Mikono baridi, macho giza: kuitafuta hitilafu ya presha na hitilafu ya ngozi

"Hebu shika hii mikono, mwanangu. Presha imeshuka." Mama wa makamo alininyooshea viganja kabla sijamaliza kumwamkia. Vilikuwa baridi kweli, kama vya mtu aliyetoka kuosha samaki wa barafu. Nikamfunga mashine: 128/80. Hakuamini. Akaniambia nibadilishe betri.

Betri zilikuwa nzima. Alichokosea ni kudhani kwamba ngozi ya baridi na presha ya chini ni jambo moja. Kazi yangu ni fiziotherapia, na nusu ya kazi hiyo ni kuwasimamisha watu waliolala muda mrefu, kwa hiyo kosa hili naliona kila wiki, tena pande zote mbili. Mwenye presha ya kawaida anakoroga maji ya chumvi anywe, na mwenye presha inayoporomoka anaambiwa yuko salama kwa kuwa mikono yake ina joto.

Nani anaamuru nini

Pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, juu kidogo ya shingo, ndipo lilipo shina la ubongo. Kipande chake cha chini kabisa, medula, kina urefu wa sentimita 3 hivi. Humo mna mafungu mawili ya seli za neva ambayo yanatuhusu.

Fungu la kwanza liko upande wa mbele, kulia na kushoto. Halilali. Usiku na mchana linapeleka amri kupitia uti wa mgongo hadi kwenye moyo na kwenye mishipa ya damu ya tumbo, figo na misuli: kaza, kaza. Amri hizo ndizo zinazoishikilia presha. Katika maabara ya mwanafiziolojia Carl Ludwig kule Leipzig, Ujerumani, watafiti Owsjannikow mwaka 1871 na Dittmar mwaka 1873 walikata ubongo wa wanyama hatua kwa hatua kutoka juu kwenda chini. Presha ilibaki ilivyo mpaka kisu kilipokaribia medula, hapo ndipo ilipoanguka.

Fungu la pili liko kwenye mstari wa katikati, panapoitwa rafe. Hili linashughulika na ngozi, na utendaji wake umepimwa vizuri zaidi kwa sungura na panya. Mabwana zake ni wawili, joto la mwili na hofu. Kwamba ngozi hufungwa kwa amri ya neva tunajua tangu 1851, mtafiti Mfaransa Claude Bernard alipokata neva ya shingo ya sungura na sikio la upande huo likawa jekundu na la moto. Mkono wenye joto, basi, unaweza kuwa mkono ambao amri haziufikii tena.

Taarifa za presha zinatoka sehemu mbili: kwenye shingo, ateri kubwa inapogawanyika, na kwenye upinde wa aota juu ya moyo. Neva zilizopo hapo zinapima jinsi ukuta wa mshipa unavyovutika. Presha ikipanda zinapiga kelele, na shina linapunguza amri za "kaza" na kuutuliza moyo kupitia neva ya vagasi. Presha ikishuka kelele inafifia, breki inaachiwa. Fungu la kwanza linazisikiliza taarifa hizi kwa makini sana. Fungu la ngozi linazisikiliza nusu sikio. Ndiyo maana mama yule alikuwa na viganja vya barafu na 128/80 kwa wakati mmoja: asubuhi ilikuwa ya mvua, na alikuwa na wasiwasi wa majibu yake.

Pima kwanza, ubishi baadaye

Lala chali dakika 5 bila kuongea. Pima presha na mapigo. Simama wima, pima tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Andika zote. Mkono uliofungwa mashine uwe usawa wa moyo, maana ukiuning'iniza itasoma juu kuliko ilivyo. Anayeanza kuona giza akae papo hapo, kipimo kitarudiwa siku nyingine.

Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika hizo 3, basi presha yako kweli inashuka ukisimama. Sasa tazama mapigo. Jibu liko kwenye mapigo, na hayo ndiyo watu wanayosahau kuandika.

Ukisimama, macho yanaingia giza

Kusimama tu kunahamisha damu ya nusu lita hadi mililita 800 kuelekea miguuni na tumboni. Shina la ubongo lina sekunde chache za kuziba pengo hilo.

*Presha imeshuka, mapigo yamepanda sana,* tuseme kutoka 76 hadi 112. Shina linafanya kazi na amri zinafika, ila kilichomo ndani ya mabomba hakitoshi. Tafuta kuharisha, kutapika, hedhi nzito, funga ya siku ya jua kali, au vidonge vya kukojoza kama Lasix. Choo kikiwa cheusi kama lami usitafute kingine, hiyo ni damu inayovuja tumboni na unatakiwa hospitali leo.

*Presha imeshuka, mapigo hayakuguswa.* Namba ya juu imetoka 140 hadi 110, mapigo kutoka 76 hadi 80. Hapa waya ndio wenye hitilafu. Ukigawanya ongezeko la mapigo kwa upungufu wa presha, 4 kwa 30, unapata 0.13, chini ya 0.5 kunaelekeza kwenye neva. Mshukiwa wa kwanza kwetu ni kisukari cha miaka mingi, hasa kama nyayo hazitoi jasho tena na zina ganzi. Mwingine ni ugonjwa wa Parkinson. Lakini uliza dawa kwanza: propranololi (dawa ya presha na moyo) na jamaa zake huyazuia mapigo yasipande hata kama waya ni mzima, na hesabu hiyo itakudanganya.

*Presha haikushuka, mapigo yameruka kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10* (kwa wenye miaka 12 hadi 19, kwa 40), na hali imeendelea miezi mitatu au zaidi. Huu ni ugonjwa unaojulikana, na wanaoupata zaidi ni mabinti na wanawake vijana. Wengi wanaambiwa wana mawazo mengi. Peleka namba, namba hazina mawazo.

*Giza la sekunde chache tu,* halafu panakucha. Kijana mrefu, mwembamba, ameruka kutoka kitandani. Presha huporomoka ndani ya sekunde 15 za mwanzo na kurudi kabla mashine haijamaliza kujaza upepo. Akae kitako kwanza, akaze mapaja na makalio, ndipo ainuke. Dawa ya kumeza haihitajiki.

Na kama dunia inazunguka hata ukijigeuza kitandani, iachie presha amani yake. Hilo ni sikio la ndani.

Upande wa dawa zinazoweza kushusha presha ukisimama, orodha ni ndefu: amlodipini na nifedipini, prazosini, tamsulosini ya tezi dume, amitriptilini. Aldomet, ambayo akina mama wajawazito wengi wa kliniki zetu wanaijua kwa jina, ina kisa chake. Yenyewe haiendi kulegeza mshipa moja kwa moja. Inazipunguza amri za "kaza" kulekule zinakotoka, kwenye shina la ubongo. Klonidini ni hivyohivyo, na ukiiacha ghafla amri zinarudi kwa fujo na presha inapaa. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Mpelekee aliyekuandikia namba zako za kulala na za kusimama.

Angalia pia saa. Mzee anayeyumba ndani ya saa mbili baada ya sinia la wali, damu yake imekwenda tumboni. Apunguze kipimo cha mlo, ale mara nyingi kidogo kidogo, asikimbilie kusimama. Baba anayeanguka chooni saa 9 usiku ametoka kwenye shuka za joto, amesimama, anakojoa. Akojoe amekaa. Wapo wanaume wanaoona hilo ni aibu, mpaka siku wanaposhonwa nyuzi sita kwenye paji la uso.

Kwa wenye hitilafu ya neva, nusu lita ya maji ikinywewa kwa mkupuo kabla ya kuinuka kitandani husaidia ajabu: presha hupanda katika nusu saa inayofuata. Chumvi ya kuongeza ni ya kuambiwa na daktari, kwa sababu wengi wa hao hao presha yao hupanda kupita kiasi wakilala. Inueni kichwa cha kitanda kwa matofali, na mchana wasilale chali kabisa.

Kuzimia kwa kuona damu, sindano, au kusimama gwaride

Hapa shina la ubongo lenyewe linabadili msimamo ghafla. Neva ya vagasi inaukaba moyo na amri za "kaza" zinanyamaza kwa pamoja. Kabla ya hapo mtu ana dakika moja au mbili za onyo: miayo, kichefuchefu, jasho jembamba, sauti za watu zinakwenda mbali, midomo inapauka.

Tunachokosea mitaani ni kumshikilia wima. Watu wawili wanambeba kwapani, wa tatu anampepea, wa nne anammwagia maji, na damu haifiki kichwani. Mlaze chini, inua miguu. Mjamzito aliyekomaa mlaze ubavu wa kushoto, kwa sababu akilala chali mtoto anaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ajijuaye kuwa huzimia, akisikia onyo apishanishe miguu, akaze mapaja na tumbo, akunje ngumi kwa nguvu. Misuli inakamua damu irudi juu.

Anayezimia akigeuza shingo, akinyoa, au akifunga kola ya kubana, huenda anakandamiza pale pale neva zinapopimia. Shina linasoma mvutano, linadhani presha ni kubwa, linaishusha. Alegeze kola, aende apimwe moyo.

Usikubali maelezo ya "kuzimia kwa kawaida" kama mtu amezimia akikimbia, amezimia akiwa amelala, hakupata onyo lolote, moyo ulikuwa ukidunda ovyo kabla, au kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla kijana. Huko ni moyo wenyewe mpaka ithibitike vingine.

Joto linapogombania damu

Ngozi ya mtu mzima aliyetulia hupitisha nusu lita ya damu kwa dakika au chini ya hapo. Kwenye joto kali sana inaweza kufika lita 7 hadi 8. Moyo uliotulia husukuma lita 5 hivi kwa dakika, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Februari ya Dar es Salaam au Mombasa, ngozi imefunguliwa ili joto litoke, na fungu la presha linahangaika na kilichobaki. Mtu yuleyule aliyevumilia dawa zake za presha mwezi Julai anaanza kuyumba.

Kivuli, maji, kukaa, nguo nyepesi: mara nyingi hapo imekwisha. Lakini mwili ukiwa wa moto na mtu anaongea yasiyoeleweka, awe anatoa jasho au la, mwageni maji mwili mzima na mpepeeni huku mkitafuta gari. Kusubiri gari kwanza ni kumpoteza.

Vidole vyeupe

Msimu wa sakitu Makete, au alfajiri kwenye mashamba ya chai ya Limuru, vidole vya baadhi ya watu vinakufa ganzi na kubadilika: vinapauka, vinakuwa kama bluu, kisha vinarudi na joto la kuchoma. Kwenye ngozi nyeusi usitazame mgongo wa kidole, tazama kucha na upande wa kiganja. Viganja, nyayo, midomo na pua vina njia za mkato za damu ambazo neva huzifunga kabisa, ndiyo maana baridi inaanzia huko.

Ikianza ujanani, mikono yote miwili, bila vidonda, haina hatari kubwa. Utashangaa kwamba glavu pekee hazitoshi: rafe inasikiliza joto la mwili mzima, kwa hiyo vaa sweta na kofia kwanza. Usiweke vidole vyenye ganzi juu ya jiko, utaungua bila kujua. Sigara ziishe. Propranololi ichunguzwe. Hofu nayo inatosha kufunga vidole bila baridi yoyote, kama mama yule wa betri.

Nenda hospitali kama ilianza baada ya miaka 40, ni mkono mmoja, ncha za vidole zina vidonda, ngozi ya vidole au uso inakuwa ngumu na kubana, au kazi yako ni kushika mashine ya kutoboa miamba.

Uso unawaka

Uso mzima na kifua, jasho, dakika chache kisha baridi, mwanamke wa miaka 45 kwenda juu: hedhi inakatika. Pombe na nifedipini hufanya vivyo hivyo. Haya hayatishi.

Nusu ya uso ndiyo inayotisha. Kope moja imelegea, mboni ya jicho hilo ni ndogo kuliko ya pili, na upande huo hautoi jasho. Ni sungura wa Claude Bernard huyo, waya wa upande mmoja umekatika. Ikija ghafla pamoja na kizunguzungu, kupaliwa na maji na sauti kukwaruza, ni kiharusi cha ubavu wa medula. Ikija na maumivu ya shingo baada ya ajali, ukuta wa ateri ya shingo huenda umechanika. Vyote viwili ni vya kwenda sasa hivi.

Amegonga kichwa, presha inapanda, mapigo yanashuka

Mfano ni abiria wa bodaboda. Mchana alikuwa anaongea, jioni anasinzia, presha 180/90, mapigo 48, pumzi hazina mpangilio. Daktari wa upasuaji wa ubongo Harvey Cushing alieleza hali hii mwaka 1901: ubongo umebanwa ndani ya fuvu, na shina linapandisha presha kwa nguvu zote ili damu ilifikie lenyewe. Asipewe kidonge cha kushusha presha njiani. Apelekwe penye kipimo cha CT na daktari wa upasuaji.

Aliyeumia uti wa mgongo, kichwa kinagonga

Hii ningeiandika kwa rangi nyekundu ukutani.

Kijana alianguka kutoka juu ya mnazi, pingili ya 4 ya kifua ikavunjika na waya wa ndani ukakatika. Miezi kadhaa baadaye yuko kwenye kiti cha magurudumu, tunafanya mazoezi ya mikono. Akaacha mazoezi ghafla, akasema kichwa kinapigwa nyundo. Paji la uso lilikuwa linatiririka jasho, shingo ya moto. Nikashika paja: baridi, vinyweleo vimesimama. Mpaka wa joto na baridi ulikuwa karibu na chuchu, unaweza kuufuata kwa kidole. Presha 168/100, mapigo 52.

Kwa mtu wa kawaida 168 ni ya kuandika na kupima tena. Yeye kawaida yake ni 100/60.

Kinachotokea ni hiki. Kitu chini ya jeraha kinasumbua, mara nyingi kibofu kilichojaa. Uti wa mgongo wa chini unajibu wenyewe kwa kukaza mishipa ya tumbo na miguu. Presha inapaa. Neva za shingoni zinalia, shina linasikia, na linafanya yote linaloweza: linapunguza mapigo kwa vagasi, ambayo haipiti kwenye uti wa mgongo, na linafungua ngozi ya juu. Amri ya kulegeza mishipa ya chini inaishia kwenye jeraha. Hali hii huwapata walioumia kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu, na ikiachwa inaweza kuleta kiharusi au degedege.

Mwenzangu alitaka kumlaza. Hapana: kumlaza kunapandisha zaidi. Tulimkalisha wima, miguu ikaning'inia, tukafungua mkanda na soksi za kubana. Kisha tukaufuata mpira wa mkojo kwa mkono kutoka mwanzo. Ulikuwa umekunjika chini ya paja. Tulipounyoosha, mfuko ulianza kujaa tunauona. Tulipima kila dakika 2: 150, 134, 112.

Mpira usipokuwa na kosa, au kama hana mpira, kibofu kitolewe mkojo. Kisha choo kigumu, kwa uangalifu na jeli ya ganzi, kwa sababu kuchokonoa kunaweza kuongeza moto. Kisha ngozi: kidonda cha mgandamizo, kucha iliyoota ndani, sarafu aliyoikalia. Presha ikibaki 150 au zaidi, hiyo ni kazi ya daktari na dawa za kushusha haraka, na lazima aulizwe kama ametumia Viagra siku hiyo, maana baadhi ya dawa hizo haziendi pamoja.

Mchana ule ule tuliandika kadi, tukaibandika nyuma ya kiti chake kwa gundi ya karatasi: *Presha yangu ya kawaida ni 100/60. Ikifika 130 na kichwa kinauma ni dharura. Usinilaze. Angalia mpira.*